Vizibao vya reflekta mjini Kigoma: vitatu na jaketi moja nilivyovipima kwa ajili ya vijana wa kupakia

Nianze na jibu la mwenye haraka. Kama una watu wanaopakia na kupakua malori Kigoma, chukua kizibao chenye lebo ya EN ISO 20471 (kiwango cha Ulaya cha nguo za kuonekana kazini), daraja la 2 kati ya matatu, kitambaa kizima cha poliesta, siyo wavu, hata ikibidi kukiagiza Dar es Salaam. Mimi kinanifikia kwa shilingi 28,000 pamoja na nauli ya parseli. Vya shilingi 5,000 na vya 12,000 nilivyovipata hapahapa mjini sijavipitisha. Hicho cha 12,000 nitakieleza kwa urefu, maana kinafanana mno na kizuri, na kinachofanana na kizuri ndicho kinachomponza mtu.

Mimi ni mtunza stoo kwenye yadi ya usafirishaji kati ya stesheni na bandari. Mizigo yetu ni saruji inayovuka ziwa kwenda Burundi na Kongo, mawese kwenye madumu, unga, na dagaa waliofungwa kwenye viroba. Fuso na semi zinaingia rivasi, vijana wanapita nyuma yake na magunia mabegani, utingo anapiga bodi kwa kiganja na kupaza sauti, na dereva anaangalia vioo viwili tu. Bosi alinipa kazi ya kuchagua vizibao vya yadi nzima. Kabla ya kununua vya wote nilichukua kimojakimoja cha kila aina nikavipima, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo wauzaji wengi hawalifikirii. Saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam, lakini sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi, kwa hiyo jua linatuchomozea kama dakika arobaini baada yao. Saa kumi na mbili asubuhi, zamu ya kwanza inapoanza kupakia, Kigoma bado kuna giza, na miezi mingi jua linatoka karibu saa moja. Jioni tunapewa mwanga mrefu kidogo, lakini upande ule ule wa ziwa jua linashuka usawa wa macho ya dereva anayerudi nyuma, na vumbi jekundu likisimama hewani haoni kitu. Ndiyo maana kwetu kizibao lazima kifanye kazi mbili, ya mchana na ya gizani, na kazi hizo mbili zinafanywa na vitu viwili tofauti kwenye nguo moja.

Ile rangi kali ya kitambaa ni ya mchana. Inachukua miale ya urujuanimno ambayo jicho haliioni, inaigeuza kuwa mwanga unaoonekana, na ndiyo maana alfajiri na magharibi, au siku ya mawingu, nguo inaonekana kama inawaka yenyewe. Usiku rangi hiyo haina msaada, kwa sababu miale hiyo haipo tena na taa ya gari haina ya kutosha. Usiku kazi inashikwa na utepe wa fedha. Utepe halisi una shanga ndogondogo za kioo, au vipembe vidogo vya plastiki, vinavyourudisha mwanga kulekule ulikotoka. Taa ya Fuso inapiga utepe, mwanga unarudi kwa Fuso, na dereva aliyekaa juu kidogo ya taa zake anauona. Mtu aliyesimama pembeni hauoni. Kwa hiyo ukitaka kupima utepe dukani, usiushike mkononi ukaugeuzageuza chini ya balbu. Washa tochi ya simu, iweke kwenye paji la uso karibu kabisa na jicho, mwambie mtu akishike kizibao akae mbali nawe, uangalie. Ukishusha tochi kiunoni, hata utepe mzuri utaonekana umefifia, na utaukataa bure.

Sasa vizibao vyenyewe.

Cha kwanza ni cha machinga, sokoni Mwanga, shilingi 5,000. Wavu mwepesi wa njano, utepe mwembamba wa sentimita mbili na nusu, hakuna lebo yoyote. Kiwango kinataka utepe usiopungua sentimita 5 kwa upana, kwa hiyo hapa hakuna haja ya kwenda mbali. Nilikirudisha kwenye mfuko. Sina la zaidi la kukisema, isipokuwa kwamba nimewaona bodaboda wengi wakikitegemea usiku barabara ya Ujiji, na moyo wangu hautulii nikiwaona.

Cha pili, cha shilingi 12,000, nilikichukua kwenye duka la vifaa vya ujenzi katikati ya mji. Ukikiona kimekunjwa ndani ya nailoni utakipenda. Njano safi, utepe mpana wa sentimita 5, zipu mbele, mfuko wa kalamu, na lebo shingoni. Muuzaji alikuwa mkarimu, akanipa kiti, akaniambia, "Dada, hizi ndizo wanazochukua makandarasi." Tangu ujenzi wa reli mpya ya Tabora hadi Kigoma uanze, maduka yetu yamejaa nguo za namna hii, na neno kandarasi linauza.

Nikamwomba nisome lebo kwanza. Imeandikwa EN 471 na daraja la 2. EN 471 ni kiwango cha zamani cha Ulaya. Mwaka 2013 kiliondolewa na kuwekwa EN ISO 20471, ambacho kilifanyiwa marekebisho mwaka 2016. Nguo mpya inayouzwa leo na lebo ya EN 471 inakuachia mambo mawili: ama imekaa ghalani miaka mingi, ama aliyeichapisha alinakili tu kutoka kwenye nguo ya mwingine. Nikatafuta jina la mtengenezaji, hakuna. Nikatafuta idadi ya mara za kufua ambazo nguo inastahimili, hakuna. Nikatafuta ile picha ndogo ya kizibao yenye namba ya daraja pembeni yake, hakuna. Daraja limeandikwa kwa maneno tu. Nikamuuliza, "Kaka, karatasi ya maelezo ya mtengenezaji ipo?" Akasema, "Zote ni hizohizo, dada." Alisema kwa upole, na naamini ndivyo alivyoambiwa naye aliponunua.

Nilikilipia nikakipeleka stoo, nikakitandaza mezani na futi ya fundi. Kipimo hiki kila mtu anaweza kukifanya. Daraja la 2 linataka eneo la utepe lisilopungua mita za mraba 0.13. Utepe una upana wa sentimita 5, kwa hiyo ukigawanya unapata mita 2 na sentimita 60 za utepe kwenye nguo nzima. Daraja la 1, la chini kabisa, linataka 0.10, yaani mita 2. Nikapima ukanda wa kiunoni, mbele na nyuma, nikapima mistari miwili mifupi ya mabegani ambayo inakatika njiani bila kuufikia ukanda. Jumla ikawa mita 1 na sentimita 90. Kizibao kinachojiita daraja la 2 hakijafika hata la 1. Huhitaji maabara kujua hilo, futi ya shilingi 1,000 inatosha.

Ile mistari iliyokatika siyo jambo dogo pia. Kiwango kikisema mistari ya mabegani, kinataka ianzie kwenye ukanda wa mbele, ipande juu ya bega, ishuke nyuma hadi kwenye ukanda tena. Sababu yake niliiona kwa macho usiku ule tuliofanya jaribio la yadi.

Tulisubiri hadi baada ya swala ya isha. Nilimwomba mmoja wa madereva wetu wakongwe, mtu wa Kasulu anayeheshimika sana pale yadini, akae kwenye Fuso yake na taa za chini, mwisho kabisa wa yadi karibu na geti. Vijana watatu wakavaa: mmoja kizibao cha 12,000, mmoja cha kuagiza, mmoja shati lake la bluu la kazi. Wakasimama kati ya mafungu ya saruji na madumu. Nikapanda upande wa utingo, nikamuuliza, "Mzee wangu, unaona nini?"

Akanyamaza kidogo. "Yule wa kulia namwona ni mtu, mama. Huyu wa kushoto naona kitu kinametameta pale chini, ningedhani ni dumu lina plasta." Wa kulia ndiye mwenye cha kuagiza, wa kushoto mwenye cha 12,000. Wa tatu, mwenye shati la bluu, hakumtaja kabisa. Nilipomwambia kuna mtu wa tatu, akawasha taa kubwa ndipo akamwona, akashika usukani akasema, "Mungu wangu."

Hapo ndipo mistari inapoingia. Ukanda mmoja tu mviringo, gizani, ni mstari unaoelea. Mikanda miwili ya kiwiliwili pamoja na mistari kamili ya mabegani inachora umbo la binadamu, na dereva hahitaji kufikiria anaona nini. Mguu unaenda kwenye breki wenyewe.

Tukaendelea. Nikawaambia vijana wabebe mzigo kama kawaida yao, kwa sababu kizibao cha mtu aliyesimama wima na mikono mitupu ni kizibao cha dukani, kazini hakipo. Kijana akijitwisha gunia la unga begani, mstari wa bega lile umefunikwa, na nusu ya mgongo imefunikwa. Kinachobaki ni mikanda ya chini. Mwenye ukanda mmoja, akiinama kupokea mzigo, ukanda unajikunja kwenye tumbo na unapotea. Mwenye mikanda miwili anabaki na mmoja daima. Hili sijaliona likiandikwa kwenye tangazo lolote la vizibao, na kwa yadi ya kupakia mizigo mimi ndilo naliweka mbele ya yote baada ya lebo: mikanda miwili ya kuzunguka mwili, wa chini usikae kwenye pindo kabisa. Kiwango chenyewe kinataka ukanda wa chini uwe angalau sentimita 5 kutoka kwenye pindo, na mikanda miwili iachane angalau sentimita 5.

Jaribio la mwisho usiku ule lilikuwa la maji. Mvua zetu mnazijua, na malori hayasubiri mvua ikatike. Tulivimwagia vizibao vyote viwili ndoo ya maji, tukarudi kwenye Fuso. Cha 12,000 kilizimika, kijivu kitupu. Shanga za kioo zilizo wazi zikifunikwa na maji huwa hazirudishi mwanga vizuri, ndiyo maana kiwango kina kipimo chake cha kuakisi wakati wa mvua, na utepe uliopita kipimo hicho unapungua lakini hauzimiki. Cha kuagiza kilipungua kidogo tukaendelea kukiona.

Baada ya hapo nilikifua kile cha 12,000 mara kadhaa kwa sabuni ya unga ya kawaida. Utepe ulianza kupasuka kwenye mikunjo kama rangi ya ukuta, na kingo zake zikainuka kwa sababu umebandikwa kwa joto na kushonwa upande mmoja tu. Nilikirudisha dukani na picha. Muuzaji hakubishana. Hakunirudishia pesa, lakini alinipa glovu za kubebea saruji za thamani hiyo hiyo, na glovu hizo ni imara, tunazitumia hadi leo. Kwa glovu na buti nitarudi kwake. Kwa vizibao, hapana.

Katikati ya mizunguko hii fundi cherehani mmoja wa Ujiji, mtu mwenye mkono mzuri sana, alinipa wazo. Anao utepe wa kuakisi wa mita, wa ubora mzuri kabisa, nilioupima kwa tochi nikaridhika. Akasema tumletee ovaroli zetu za bluu azishonee utepe kwa shilingi 7,000 kila moja. Kwa usiku kazi yake ingetufaa. Lakini kitambaa cha bluu si rangi ya kung'aa, na kiwango kinakubali rangi tatu tu za kitambaa cha msingi: njano ya kung'aa, chungwa-nyekundu ya kung'aa, na nyekundu ya kung'aa. Ovaroli ya bluu yenye utepe haitakuwa na daraja lolote, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati wa mwanga hafifu ambao si usiku wala mchana, haimsaidii mtu. Nilimshukuru. Nimempa kazi nyingine, nitaieleza chini.

Sasa cha tatu, tunachovaa. Nilipata namba ya duka la vifaa vya usalama Dar es Salaam, maeneo ya Gerezani, kwa mwenzangu wa stoo aliyeko Tabora. Nilimpigia dada anayehudumia pale, nikamwambia sitatuma pesa kabla ya kuona lebo. Hakukasirika. Alinitumia picha ya lebo kwa karibu, picha ya karatasi ya maelezo, na jedwali la saizi. Lebo ina jina na anuani ya mtengenezaji, alama ya CE ya bidhaa zinazokidhi matakwa ya Ulaya, EN ISO 20471:2013 na marekebisho yake ya 2016, ile picha ya kizibao na namba 2 pembeni, na idadi ya juu ya kufua ambayo ni 25. Nikalipa kwa simu, mzigo ukapandishwa basi la Kigoma.

Kwa mkono unahisi tofauti mara moja. Kitambaa ni poliesta tupu kilichofumwa vizuri, nacho poliesta ndicho kinachoshika rangi hizi za kung'aa kwa muda mrefu kuliko pamba. Mikanda miwili ya kiwiliwili, mistari kamili ya mabegani, kila ukingo umeshonwa. Utepe wote nilipoupima ulizidi mita 3 na nusu. Eneo la rangi linatakiwa lisipungue mita za mraba 0.50 bila kuhesabu utepe, yaani kama meza ya urefu wa mita moja na upana wa nusu mita. Nilikitandaza nikapiga hesabu ya vipande, mbele na nyuma, nikatoa shingo na makwapa na utepe, kimezidi kidogo. Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu na saizi ndogo, kwa sababu kila saizi inatakiwa itimize eneo hilo. Kizibao kidogo kilichokatwa kwa kubana kitambaa kinaweza kushuka daraja huku lebo ikiwa ileile.

Malalamiko ninayo. Kina joto. Kigoma mchana, kwenye yadi yenye mabati pande tatu, vijana wanatoka jasho na wengine wanakifungua zipu. Kizibao kilichofunguliwa kimepoteza mbele yake yote, na mikanda haizunguki tena mwili. Kipo cha wavu chenye daraja la 2 halali kutoka kwa mtengenezaji huyohuyo, nilikichukua kwa majaribio, lakini kulabu za turubai na kamba za katani zinakamata kwenye matundu na kukichana. Tumebaki na kitambaa kizima, na zamu ya mchana tunawapa mapumziko ya maji mara nyingi zaidi. Bosi alikubali bila ubishi.

La pili ni zipu yenyewe. Pale mtu anapofanya kazi karibu na kulabu za lori na mashine zinazozunguka, ni bora kizibao kinachobanduka: mabegani na ubavuni kimeshikwa kwa velkro, kikinaswa kinaachia, mtu anabaki. Hicho cha zipu hakiachii. Dada wa Gerezani anavyo vya kubanduka kwa shilingi 34,000, na wale wanaokaa kwenye mashine ya kukoboa upande wa pili wa yadi tumewachukulia hivyo. Angalia kwamba velkro ikifungwa, pengo kwenye ukanda lisizidi sentimita 5.

La tatu, awamu ya kwanza baadhi ya saizi zilikuja ndogo kuliko jedwali. Alibadilisha, ila nauli ya kurudisha nililipa mimi. Hilo nalisema ili ajue nalikumbuka.

Kuhusu rangi tulijadiliana sana. Ndani ya yadi yetu kila kitu kina uelekeo wa wekundu na kahawia: vumbi, viroba, makontena yenye kutu, mawese yaliyomwagika sakafuni. Njano inajitenga na hayo yote. Lakini gari letu la dharura likienda kufuata lori lililoharibika njia ya Kasulu wakati wa mvua, pembeni ni majani mabichi matupu, na njano inazama humo. Huko tunavaa chungwa. Watu wa reli walilijua hili zamani. Mwaka 1964 reli ya Uingereza ilianza kuwajaribishia mafundi njia wa Glasgow nguo za chungwa ya kung'aa, na hadi leo chungwa ndiyo rangi ya wafanyakazi wa reli kule.

Kwa wanaokwenda barabarani usiku tulichukua jaketi jepesi la mikono mirefu, daraja la 3, shilingi 55,000. Daraja la 3 linataka mita za mraba 0.80 za rangi na 0.20 za utepe, yaani mita 4 za utepe wa sentimita 5, na kizibao kisicho na mikono hakiwezi kulifikia kwa sababu lazima mikono au miguu nayo ionekane. Mtu akikuuzia kizibao kitupu akakwambia ni daraja la 3 la EN ISO 20471, mrudishie kwa heshima. Fuso ikienda kilomita 60 kwa saa inakata karibu mita 17 kila sekunde. Fundi aliyelala chini ya difu pembeni ya lami hana muda wa kukimbia, kilichobaki ni kuonekana mapema. Jaketi lenyewe ni zuri, mishono imara, mkono unakunjika bila kupandisha utepe. Zipu yake ndiyo dhaifu, imeshakwama kwenye majaketi mawili.

Utakutana pia na lebo ya Kimarekani, ANSI/ISEA 107. Hicho nacho ni kiwango halali. Tafuta herufi R, ya watu wa barabarani, na namba ya daraja. Ila usichanganye vipimo vyake na vya Ulaya, kila kimoja kina hesabu yake.

Nembo ya kampuni nayo. Bosi alitaka jina letu kubwa mgongoni. Nilimwonyesha hesabu: kizibao kimezidi 0.50 kidogo tu, na wino mweusi wa ukubwa alioutaka ungekula ile ziada yote na kuvuka chini. Tukakubaliana herufi ndogo kifuani upande wa kushoto, zisiguse utepe. Hiyo ndiyo kazi niliyompa fundi wa Ujiji, anazidarizi kwa uzi, safi sana, na hajatoboa mkanda hata mmoja.

Kuna yadi hapa mjini ambazo zinamkata kijana bei ya kizibao kwenye posho yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeliweka jukumu la vifaa vya kujikinga kwa mwajiri, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndiyo yenye kazi ya kuisimamia. Kijana anayelipwa kwa gunia akiambiwa anunue mwenyewe, ataenda kwa machinga kuchukua cha 5,000, na simlaumu. Wenye yadi, naomba mlibebe hili. Shilingi 28,000 kwa mtu mmoja ni kitu mnachokimudu, wengi wenu mnatumia zaidi ya hapo kwa soda za wageni.

Utunzaji wetu uko hivi. Ndani ya kila lebo naandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe kilipoanza kuvaliwa, na kila kikifuliwa naweka alama ndogo. Kikifika 25 kinatoka. Tunafua kwa maji ya kawaida na sabuni, hakuna jiki, hakuna pasi juu ya utepe, tunaanika kivulini kwa sababu jua linakula rangi ya kung'aa haraka kuliko kitu kingine chochote. Mawese ni adui mkubwa. Doa la mawese likikaa usiku kucha halitoki tena na sehemu ile haing'ai. Saruji inapukutwa kabla ya kulowekwa. Hata kabla ya 25, kizibao kilichopauka ukikiweka pembeni ya kipya ukaona tofauti waziwazi, kitoe. Nina kimoja kipya kabisa nimekitundika gizani ndani ya kabati la stoo kwa ajili ya kulinganisha tu.

Agizo linalofuata ni la akina mama wanaochambua dagaa upande wa geti, ambao nao wanapitiwa na malori kila siku na hakuna aliyewafikiria. Wengi wanahitaji saizi ndogo, na wawili wanabeba watoto mgongoni, kwa hiyo kanga inafunika nyuma yote. Kwao nimeomba saizi kubwa inayovaliwa juu ya mtoto na kanga, bila kumbana wala kumfunika uso, na mikanda inayoweza kurekebishwa ubavuni. Dada wa Gerezani ameshanitumia picha ya lebo ya aina moja, namba 2 inasomeka, lakini jina la mtengenezaji limekatika kwenye picha. Nimemwambia apige tena.